Majibu matatu ya swali moja: kutafuta muda kwa kasi na mchapuko

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Gari linakwenda kilomita 54 kwa saa. Dereva anakanyaga mafuta, gari linachapuka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, mpaka linafika kilomita 90 kwa saa. Limetumia muda gani?

Niliwapa vijana watatu wa kidato cha tatu ninaowafundisha tuisheni jioni, tukiwa barazani, na nikapata majibu matatu: sekunde 18, sekunde 12.5 na sekunde 5. Kilichonishangaza ni kwamba wote watatu walikuwa wameanza na kanuni ileile, wameiandika kwa mwandiko mzuri na kuipigia mstari kwa rula:

t = (v − u) ÷ a

Yaani muda ni kasi ya mwisho kutoa kasi ya mwanzo, kisha gawanya kwa mchapuko. Kanuni ilikuwa sahihi kwenye madaftari matatu, na jibu sahihi kwenye daftari moja tu. Nikawauliza hiyo a ni kitu gani hasa. Wakanitajia maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno kama walivyoinakili ubaoni. Haya, nikasema, sasa niambieni kwa maneno ya nyumbani. Kimya.

Siwalaumu. Fizikia ya sekondari kwetu Tanzania inafundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne bila kulisikia neno mchapuko hata mara moja. Lakini neno hilo amelijua tangu utotoni, kwa sura nyingine. Mama akimtuma mtoto dukani na kumwona anajikokota, anampigia kelele: "Chapuka!" Mtoto tayari anatembea, kwa hiyo mama hamwambii atembee. Anamwambia aongeze. Kasi ni mwendo ulio nao sasa hivi, mchapuko ni namna mwendo huo unavyobadilika. Treni ya SGR ikishafikia kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na ikatulia kwenye kasi hiyo, ina kasi kubwa na mchapuko sifuri, na abiria anakunywa chai yake kama yuko sebuleni. Daladala inayoondoka kituoni kwa fujo ina kasi ndogo na mchapuko mkubwa, ndiyo maana waliosimama wanashikana.

(Kuna vitabu vinavyotumia neno mwendokasi, au kasimwelekeo, kwa kasi yenye mwelekeo. Mwendokasi Dar es Salaam ni basi, na sitaki tugombane na abiria. Nitasema kasi tu, na mwelekeo ukihusika nitautaja.)

Sasa tuangalie ile "mita 2 kwa sekunde kila sekunde". Vitabuni huandikwa m/s², na hapo ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu wanajaribu kuiwazia sekunde ya mraba. Kiwanja cha mraba kipo, sekunde ya mraba hakuna aliyewahi kuiona. Ile mbili ndogo ya juu ni kifupi tu cha kutaja "kwa sekunde" mara mbili. Isome hivi: kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka kwa mita 2 kwa sekunde. Gari lilianza na mita 15 kwa sekunde. Sekunde moja ikapita, 17. Nyingine, 19. Kisha 21, 23, 25. Hesabu kwa vidole, umetumia vitano.

Kwa macho hayo kanuni inageuka kuwa hesabu ya bombani. Dumu la lita 20 lina lita 5 ndani. Bomba linatoa lita 3 kwa dakika. Litajaa baada ya muda gani? Mtoto yeyote aliyewahi kupanga foleni ya maji anajua kwamba tano zimo, zimebaki kumi na tano, dakika tano linajaa. Hawezi kugawanya 20 kwa 3, kwa sababu anayaona yale maji yaliyomo. Kasi ya mwisho ndiyo ujazo unaoutaka, kasi ya mwanzo ndiyo maji yaliyokuwemo, mchapuko ndio bomba. Unachogawanya ni pengo lililobaki, yaani mabadiliko ya kasi.

Binti aliyepata sekunde 12.5 alikuwa amegawanya 25 kwa 2. Alilijaza dumu kana kwamba lilikuwa tupu. Kosa hili lina chanzo chake: mifano mingi ya darasani huanza na gari lililosimama, u ni sifuri, na mwanafunzi anazoea kuiruka. Siku u inapokuwa na thamani, mkono unairuka vilevile kwa mazoea.

Aliyepata 18 alikumbuka kutoa. Tisini kutoa hamsini na nne ni thelathini na sita, gawanya kwa mbili, kumi na nane. "Mwalimu, sasa hapa kosa liko wapi?" Kosa halimo kwenye tarakimu, limo kwenye vizio. Kasi zake zilikuwa za kilomita na saa, mchapuko wake wa mita na sekunde. Ni sawa na dumu la galoni 5 na bomba la lita 3 kwa dakika, halafu ukagawanya 5 kwa 3 ukaamini umepata dakika. Kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600, kwa hiyo kilomita kwa saa ukizigawanya kwa 3.6 unapata mita kwa sekunde. Ile 54 inakuwa 15, ile 90 inakuwa 25, pengo ni 10, na 10 gawanya kwa 2 ni 5. Watunga mitihani wanapenda 36, 54, 72, 90 na 108 kwa sababu zinagawanyika vizuri: 10, 15, 20, 25, 30. Ukiziona kwenye swali, jua mtu ameziweka hapo makusudi.

Wala si lazima kukimbilia mita. Ukitaka kubaki na kilomita kwa saa, badilisha mchapuko: mita 2 kwa sekunde ni kilomita 7.2 kwa saa, basi gari linaongeza kilomita 7.2 kwa saa kila sekunde. Pengo la 36 gawanya kwa 7.2 ni 5, jibu lilelile. Kwa kweli njia hii inasomeka vizuri zaidi ukiwa ndani ya gari, kwa sababu dashibodi haijui mita kwa sekunde. Gari linalotoka sifuri hadi 100 kwa sekunde 10 linaongeza kilomita 10 kwa saa kila sekunde. Basi.

Wazo hili la kasi inayoongezeka kwa kiasi kilekile kila sekunde tunaliona jepesi kwa sababu kuna mtu alitangulia kuliumizia kichwa. Mwaka 1604 Galileo Galilei alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi akieleza kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kadiri kinavyozidi kwenda mbali. Umbali mara mbili, kasi mara mbili. Inasikika sawa, na ukiwauliza watu kumi mtaani nadhani wengi watakubali. Lakini ifuatilie mpaka mwanzo: kama kasi inategemea umbali uliokwisha kwendwa, kitu kilichotulia kina umbali sifuri, kasi yake ni sifuri, hakisogei, umbali unabaki sifuri, na embe halianguki milele. Baadaye Galileo mwenyewe alilisahihisha. Kasi inaongezeka kwa muda. Muda sawa, nyongeza sawa. Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba t = (v − u) ÷ a yote.

Kulithibitisha kulikuwa kazi. Hapakuwa na saa ya kumhesabia sekunde kwa uhakika, na kitu kinachoanguka wima kilimwacha. Akaona akipunguzie mwendo: akachukua ubao mrefu wenye mfereji mnyoofu uliolainishwa, akauinamisha, akateremsha tufe la shaba. Na muda akaupima kwa maji. Ndoo kubwa iliwekwa juu, ikiwa na mrija mwembamba chini yake. Tufe likianza kushuka maji yanaruhusiwa kutiririka kwenye glasi ndogo, tufe likifika maji yanazibwa, kisha yale yaliyoingia kwenye glasi yanapimwa kwa mizani. Maji mara mbili, muda mara mbili. Maelezo hayo yalichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, yeye akiwa bado anatumikia kifungo cha nyumbani kwake. Kwa hiyo nikikuletea bomba na dumu barazani, nina mtu wa kumsingizia.

Tuje kwenye mtego ninaoupenda kuliko yote. Kijana anarusha jiwe wima kuangua embe, jiwe linatoka mkononi kwa mita 15 kwa sekunde. Embe analikosa, jiwe linarudi mkononi kwake. Limekaa hewani muda gani?

Ukipuuza upinzani wa hewa, jiwe linarudi kwa kasi ileile lililoondokea. Mwanafunzi makini anaandika: kasi ya mwisho 15, kasi ya mwanzo 15, 15 kutoa 15 ni sifuri, sifuri gawanya kwa 9.8, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ni sifuri. Jiwe limepanda, limegeuka, limerudi, mwenye mwembe ameshatoka na fimbo, na muda uliopita ni sekunde sifuri!

Kasi ya kurudi ni 15 kweli, lakini inaelekea chini. Ukiamua kwamba juu ni chanya, basi kasi ya mwanzo ni +15, ya mwisho ni −15, na mvutano wa dunia, unaovuta chini saa zote, ni −9.8. Sasa hesabu tena: −15 kutoa 15 ni −30. Gawanya kwa −9.8 upate sekunde 3.06. Na nusu ya kwanza, ya kupanda mpaka kileleni: 0 kutoa 15 ni −15, gawanya kwa −9.8, sekunde 1.53. Nusu kamili. Ungeweza pia kuamua chini ndiyo chanya, alama zote tatu zingegeuka na jibu lingebaki palepale. Kisichoruhusiwa ni kubadili uamuzi katikati ya safari.

Hapo kileleni pana ubishi wa kudumu. Jiwe likisita, kasi yake ni sifuri. Mchapuko je? Nusu ya darasa husema sifuri. Kama mchapuko nao ungekuwa sifuri pale juu, kasi isingebadilika tena, na jiwe lingebaki linaning'inia kama taa. Linarudi kwa sababu bomba halikufungwa hata nukta moja. Kasi imepita kwenye sifuri ikitoka chanya kwenda hasi, kama mtu anayevuka ikweta akiendesha: hasimami, anapita tu.

Ile 9.8 nayo ina kisa chake. Thamani rasmi, 9.80665, ilikubaliwa mwaka 1901 kwenye mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo. Duniani kwenyewe inabadilika kidogo: kwetu huku karibu na ikweta ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba kiunoni. Kwa jiwe la mwembe tofauti hiyo haionekani. Mwezini ndiko ungeiona: mchapuko kule ni 1.62, na jiwe lilelile la mita 15 kwa sekunde lingekaa juu sekunde 18.5 kabla ya kurudi. Ungeweza kulirusha, ukafunga kamba za viatu vyote viwili, na bado ukalidaka. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya mwezi, kusiko na hewa ya kuuzuia unyoya, na vikatua pamoja. Ndiyo maana tungamo la jiwe halimo kwenye hesabu yetu.

Alama ya kutoa ina maajabu mengine. Gari lina mita 20 kwa sekunde na linachapuka kwa 2. Litakuwa na mita 10 kwa sekunde baada ya muda gani? Kanuni inasema −5. Wengi hufuta ile alama haraka kabla mwalimu hajaiona, wakaandika sekunde 5. Msiifute. Gari linaloongeza mwendo haliwezi kufika 10 likitokea 20, na hesabu imekujibu kwa adabu: kasi hiyo ilikuwapo sekunde tano zilizopita, ikiwa lilikuwa likichapuka vivyo hivyo. Muda hasi ni wakati uliokwisha pita. Ukiona muda hasi kwenye swali lisilozungumzia yaliyopita, rudi ukaangalie alama ya mchapuko, aghalabu utakuta gari linafunga breki na wewe umeandika 2 badala ya −2.

Na ukiweka v na u sawa, a sifuri, kama ile treni iliyotulia kwenye 160? Sifuri gawanya kwa sifuri. Kikokotoo kinagoma, na kina haki. Kasi haibadiliki, basi kubadilika kwake hakuwezi kukuambia saa. Hapo tafuta umbali, ugawanye kwa kasi. Ni kanuni nyingine kwa swali jingine.

Kwenye breki ndiko hesabu hii inakohusu maisha ya watu. Basi la abiria Tanzania lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Tuchukulie breki nzuri na lami kavu zinampa dereva mchapuko wa −5. Muda wa kusimama: 22.2 gawanya kwa 5, sekunde 4.4. Akiwa anakimbiza 100, ni 27.8 gawanya kwa 5, sekunde 5.6. Nyongeza ni sekunde moja na chembe, na dereva atakuuliza sekunde moja ni kitu gani.

Mwambie aangalie umbali. Wakati wa breki basi linakwenda kwa kasi ya wastani, ambayo ni nusu ya ile ya mwanzo. Kutoka 80: mita 11.1 kwa sekunde 4.4, kama mita 49. Kutoka 100: mita 13.9 kwa sekunde 5.6, kama mita 77. Ile sekunde moja imekula mita 28, zaidi ya urefu wa mabasi mawili yaliyofuatana. Muda umeongezeka kwa robo, umbali kwa zaidi ya nusu, maana umbali unapigwa mara mbili: kasi kubwa zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Na hapo bado hatujahesabu sekunde ya kwanza, ya macho kuona na mguu kuhama kutoka mafuta kwenda breki. Katika sekunde hiyo mchapuko ni sifuri, kanuni yetu haina la kusema, na basi linakula mita 22 au 28 bila kupunguza chochote. Mvua ikinyesha na mchapuko ukashuka hadi −2.5, muda wa breki kutoka 80 unakuwa sekunde 8.9. Ukipunguza bomba nusu, dumu linajaa kwa muda mara mbili.

Mpaka hapa nimekuwa nikidanganya kidogo, kama vitabu vyote vya kidato cha kwanza na cha pili. Nimejifanya kwamba mchapuko haubadiliki. Barabarani unabadilika kila wakati, na mfano ninaoutegemea kuelezea jambo hili ni wa daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp.

Tarehe 10 Desemba 1954, kwenye kituo cha Holloman huko New Mexico, Stapp alijifunga mikanda kwenye kigari cha roketi kilichokaa juu ya reli. Alitaka kujua mwili wa binadamu unavumilia kiasi gani rubani akitupwa nje ya ndege inayokwenda mbio, na aliona si haki kumweka mtu mwingine kwenye kiti kile. Roketi zilimfikisha kilomita 1,017 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi. Kisha kigari kikaingia kwenye maji yaliyowekwa katikati ya reli ili kukizuia, na kikasimama kwa sekunde 1.4. Mishipa midogo ya damu machoni mwake ilipasuka, akawa haoni kwa muda, halafu macho yakarudi. Aliishi mpaka 1999, akafa akiwa na miaka 89, na sehemu kubwa ya maisha yake aliyobakiwa nayo aliitumia kuhubiri mikanda ya magari.

Vipimo vilionyesha kwamba wakati wa kusimama mwili wake ulipata mchapuko uliofika mara 46.2 ya ule wa mvutano wa dunia. Haya, tutafute muda. Kilomita 1,017 kwa saa ni mita 282.5 kwa sekunde. Mara 46.2 ya 9.8 ni kama 453. Gawanya: sekunde 0.62. Lakini saa ilisema 1.4. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Ile 46.2 ilikuwa kilele, iliyoguswa kwa kitambo kifupi. Ukigawanya 282.5 kwa 1.4 unapata 202, yaani kama mara 20.6 ya mvutano, na huo ndio mchapuko wa wastani. Kanuni inataka wastani. Ukiipa mchapuko wa wastani itakupa muda sahihi hata kama njiani ulipanda na kushuka kama barabara ya Lushoto. Ukiipa kilele, itakuamini na kukupa muda mfupi mno.

Sasa angalieni, wastani wenyewe una mwiba. Gari linatoka sifuri hadi kilomita 60 kwa saa kwa mchapuko wa 1, kisha 60 hadi 100 kwa mchapuko wa 0.5. Kishawishi ni kuchukua katikati ya 1 na 0.5, ambayo ni 0.75, ukagawanya 27.8 kwa hiyo na kupata sekunde 37. Lakini kipande cha kwanza peke yake ni 16.7 gawanya kwa 1, sekunde 16.7, na cha pili ni 11.1 gawanya kwa 0.5, sekunde 22.2. Jumla 38.9. Gari lilikaa muda mrefu zaidi kwenye mchapuko mdogo, kwa hiyo mchapuko mdogo una sauti kubwa zaidi kwenye wastani. Mchapuko ukibadilika, kata safari vipande, tafuta muda wa kila kipande, jumlisha.

Na mara nyingi unabadilika kwa mtindo huohuo, mkubwa mwanzoni na mdogo baadaye. Chukua tena treni. Tukiipa mchapuko wa 0.5 usiobadilika, kufika 160 kutoka stesheni, yaani mita 44.4 kwa sekunde, kungechukua sekunde 89, dakika moja na nusu. Lakini mota zinaweza kutoa nishati kwa kiwango fulani tu kila sekunde, na kadiri treni inavyokwenda kasi, nishati ileile inagawanywa kwenye mita nyingi zaidi. Msukumo unapungua, upinzani wa hewa unaongezeka. Bomba linajibana lenyewe kadiri dumu linavyojaa. Mtu akikuuliza treni halisi inatumia muda gani, jibu la 89 ni la chini kabisa, si la kuweka kwenye ratiba.

Yule binti wa 12.5 hakuamini kwamba haya yanaonekana kwa macho, hivyo Jumamosi moja tulipanda basi la mwendokasi Kimara kuelekea Kivukoni tukiwa na uzi wa sentimita 30 na ufunguo wa kufuli umefungwa mwishoni. Alishika uzi juu ya rula, mimi nikashika simu yenye programu ya kusoma kasi kwa setilaiti. Watu walitutazama kama wachuuzi wa dawa za mizimu. Basi lilipoondoka ufunguo ulicheza kidogo, kisha ukatulia ukiwa umesogea nyuma sentimita 3. Tatu kwa thelathini ni sehemu moja ya kumi, na hiyo ndiyo sehemu ya mvutano ambayo basi lilikuwa likichapuka nayo: sehemu moja ya kumi ya 9.8, karibu mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Kufika kilomita 40 kwa saa, akapiga hesabu kwa sauti, ni mita 11.1 gawanya kwa 1, sekunde 11.

Simu ilifika 40 yeye akiwa amehesabu kumi na nne. Akaniangalia kwa ushindi, kanuni imeshindwa. Nikamwambia asinitazame mimi, atazame uzi. Ufunguo ulikuwa umekwisha rudi karibu wima, na basi bado halijafika kituo cha pili.